Mzaha Mzaha Hutumbua Usaha: Mtani, Mbolezi na Uzito wa Mchekeshaji wa Kisiasa nchini Tanzania

Ikisiri

Mchekeshaji wa kisiasa anapoacha mzaha wakati wa janga, wahakiki wengi huiona hali hiyo kuwa ni mageuko: mtu wa mzaha amekuwa mtu makini. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuutumia utani kama kipimo. Yanarejelea nyimbo za kampeni na za maombolezo za Tanzania One Theatre (TOT) iliyoongozwa na Kapteni John Komba, mwenyeji wa Lituhi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na mkasa wa mchekeshaji Idris Sultan mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba uzito wa mchekeshaji hautokani na kuuacha mzaha, bali na uhusiano uliompa idhini ya kutania tangu mwanzo. Pale ambapo idhini hiyo haikuwapo, hadhira hukosa namna ya kuutambua uzito wake.

Utangulizi

Volodymyr Zelenskyy alipochaguliwa kuwa Rais wa Ukraine mwaka 2019, alikuwa ameshaigiza nafasi ya rais katika tamthilia ya televisheni ya kuchekesha. Vita vilipopamba moto Februari 2022, vyombo vya habari vya dunia vilimweleza kwa sentensi moja iliyorudiwa kila mahali: mchekeshaji amekuwa mtu makini. Sentensi hiyo ina mvuto wake, lakini imebeba dhana ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kuipokea bila kuihoji. Inadhani kwamba mzaha na umakini ni nyumba mbili, na kwamba mchekeshaji huhama moja kwenda nyingine siku mambo yanapoharibika.

Afrika Mashariki ina mifano yake ya kuhama huko. Nchini Kenya, John Kiarie, mmoja wa vijana watatu wa Redykyulass waliomwiga Rais Moi hadharani katika televisheni, aliwania ubunge wa Dagoretti mwaka 2007 akashindwa, kisha mwaka 2017 akachaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Nchini Tanzania, mchekeshaji Kingwendu aligombea ubunge wa Kisarawe mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF. Mifano hii inaeleza mengi kuhusu umaarufu na kura, lakini haituambii sana kuhusu sanaa yenyewe. Mchekeshaji anayegombea ameacha jukwaa moja akapanda jingine. Linalohitaji uhakiki ni lile la mchekeshaji anayebaki jukwaani pale pale, kwa sauti ile ile, mbele ya hadhira ile ile, huku kicheko kikiwa hakiwezekani tena.

Methali yetu husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Kwa kawaida husomwa kama onyo kwa wanaopenda mzaha: utani ukizidi huleta ugomvi. Lakini inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Usaha haukuletwa na mzaha. Ulikuwamo ndani ya jipu muda wote, na kidole cha mwenye mzaha ndicho kilichougusa. Kwa usomaji huu, jambo zito halifuati baada ya mzaha kwisha, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiguswa tangu mwanzo. Sehemu zinazofuata zinaijaribu hoja hii, kwanza kwa mtani, kisha kwa ngoma za mwambao wa Nyasa, na hatimaye kwa TOT na Idris Sultan.

Mtani msibani

Radcliffe-Brown (1940) aliueleza utani kuwa uhusiano ambamo mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake haruhusiwi kukasirika. Moreau (1944) alikusanya taarifa za utani wa makabila ya Tanganyika na kuonyesha jinsi ulivyoenea. Tangu hapo utani umeandikwa sana, mara nyingi na wanaanthropolojia, na mara chache mno na wahakiki wa fasihi, ingawa ndio ukumbi mkongwe kuliko yote ya futuhi tulio nao. Hata Abunuwasi, ambaye wanafunzi wetu hufundishwa kumwona kama mjanja wa hadithi tu, anaeleweka vizuri zaidi akisomwa kama mtani wa sultani.

Kusini mwa Tanzania utani wa makabila huelezwa zaidi kwa historia ya vita. Wangoni waliwashambulia majirani zao katika karne ya 19, na Wamatengo walisukumwa kwenye milima ya Mbinga, ambako kilimo chao cha ngoro kiliwawezesha kuishi kwenye miteremko mikali. Wajukuu wa waliouana leo hutaniana. Kwa hiyo chini ya utani wa aina hii kuna damu iliyomwagika, na kila mzaha unaotolewa katika uhusiano huo ni kumbukumbu ya jambo ambalo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Mtu akimwambia mtani wake kwamba babu zake walikuwa hodari wa kukimbia, wote wawili wanajua walikuwa wakikimbia nini.

Lakini mahali ambapo utani hudhihirisha maumbile yake kamili ni msibani. Mtani hufika kwenye msiba akiwa na majukumu mawili ambayo mgeni huyaona kuwa yanapingana. Kwa upande mmoja hufanya mzaha ambao mtu mwingine yeyote angefukuzwa kwa kuufanya. Humwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, huvaa kanzu au koti lake, huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Kwa upande mwingine, yeye huyo ndiye mwenye kazi nzito: huchimba, hubeba, husimamia mambo ambayo wafiwa, kwa uchungu wao, hawayawezi. Hakuna saa ambayo mtani anatangaza kuwa sasa ameacha utani na ameanza kazi. Anachimba huku akitania, na wafiwa hucheka huku wakilia.

Mambo mawili yanajitokeza hapa, na yote mawili yatahitajika mbele. La kwanza ni kwamba mtani si mfiwa. Anaweza kuubeba msiba kwa sababu hakufiwa yeye, na anaweza kumcheka marehemu kwa sababu hana urithi anaoutazamia. La pili ni kwamba utani ni wa pande mbili. Anayetania leo atataniwa kesho, na siku akifa, waliotaniwa naye ndio watakaoingia kaburini mwake kudai malipo. Mzaha usioweza kurudishwa hauitwi utani. Kiswahili kina maneno mengine kwa huo: kejeli, dhihaka, masimango.

Kuiga bila kucheka: mwambao wa Nyasa

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, pamoja na vijiji vya Tingi na vya njia ya Mbinga, una utamaduni mwingine unaogusa mada hii: kuwaiga wenye mamlaka kwa uso mkavu. Ngoma ya mganda, inayochezwa na wanaume pande zote mbili za ziwa, ilikua kutokana na gwaride la askari wa kikoloni, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachezaji hupanga safu, huvaa nadhifu, hugeuka kwa amri, na viongozi wao hubeba vyeo. Wanawake wana kihoda, ambayo nayo ina nidhamu na mistari yake.

Ranger (1975), katika utafiti wake wa beni na ngoma za jamii yake, alitahadharisha dhidi ya kuziona ngoma hizi kuwa dhihaka tupu dhidi ya mzungu, au kwa upande mwingine kuwa uigaji wa kitumwa. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini nadhani inaweza kusogezwa mbele. Mchezaji wa mganda hacheki. Akicheka, ameiharibu ngoma. Kicheko, kama kipo, ni mali ya anayetazama, naye anaweza kuamua kwamba anachokiona ni gwaride zuri au ni gwaride linalochekwa. Fanani hampi jibu. Hapa mpaka kati ya mzaha na umakini hauko usoni mwa mtendaji wala katika matini ya wimbo. Uko kati yake na hadhira, na unaweza kusogea bila yeye kubadili hatua hata moja.

Historia ya mahali hapo, kwa bahati, ina tukio linalofanana na ngoma hiyo. Agosti 1914, huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, ambaye hakuwa amepata habari za vita na aliyekuwa rafiki wa kunywa pamoja na nahodha wa Kiingereza, alipiga makasia hadi melini kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Mzaha wa marafiki wawili uligeuka vita vya dunia, na hakuna aliyebadili sare. Watu wa mwambao waliolitazama tukio lile walikuwa, kama watazamaji wa mganda, na haki ya kuamua kama wacheke.

Sidai kwamba mganda ulimfunza John Komba sanaa yake. Alikuwa mwalimu, kisha ofisa wa jeshi na mtu wa kwaya, na cheo chake cha kapteni kilikuwa cha kweli, hakikuwa cha ngoma. Ninachodai ni kwamba mwambao aliotoka, na ambao baadaye aliuwakilisha bungeni kama mbunge wa Mbinga Magharibi kuanzia mwaka 2005, unatupa msamiati bora wa kumsomea kuliko ule wa mageuko ya mchekeshaji.

TOT na kiambishi tu-

Tanzania One Theatre ilianzishwa mwaka 1992, mwaka ule ule mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa kisheria. Haikuwa sadfa. Chama Cha Mapinduzi kilihitaji sauti ya kuingia nayo kwenye ushindani, na TOT ikawa sauti hiyo. Lange (2002) na Edmondson (2007) wameeleza vizuri muundo wa maonyesho ya vikundi vya aina hii jijini Dar es Salaam, yaani TOT, Muungano na Mandela: usiku mmoja wenye kwaya, ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarabu, kwa kiingilio kimoja, mara nyingi katika kumbi za baa. Huenda msomaji akapinga kumweka Komba miongoni mwa wachekeshaji, kwa kuwa yeye hakuvaa matambara wala kujipaka masizi. Pingamizi hilo linasahau kwamba katika onyesho la aina hii wimbo na kichekesho havina kuta baina yake. Wimbo wa kampeni wa TOT ulifanya kazi ya kichekesho: ulimchora mpinzani, ukamkuza kasoro, ukamwacha hadhira imcheke. Katika kampeni za mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, kicheko kilikuwa silaha kama zilivyokuwa hotuba, na pengine kilifika mbali zaidi, kwa kuwa wimbo huimbwa hata na mtoto asiyepiga kura.

Ubora wa nyimbo hizo kisanaa haupaswi kubezwa. Zina mapigo yanayoshikika, kiitikio kinachojifunzwa kwa kusikika mara moja, na ustadi wa kuligeuza jambo la kisera kuwa jambo la mtu na tabia yake. Lakini tukizipima kwa kipimo cha utani, zinaanguka kwenye sharti la pili. Anayechekwa hakuwa na TOT yake. Chama tawala kilikuwa na kikundi, vifaa, na redio ya taifa, ilhali mpinzani alikuwa na kipaza sauti cha kukodi. Mzaha ulikwenda upande mmoja na haukurudi. Kwa istilahi tulizokwisha kuzitaja, hizo zilikuwa nyimbo za masimango zilizovaa kanzu ya utani, na kanzu hiyo iliwatosha vizuri kiasi kwamba hata waliosimangwa walicheza.

Tarehe 14 Oktoba 1999 Julius Nyerere alifariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, London. Alizikwa Butiama tarehe 23. Kati ya siku hizo mbili redio iliacha vipindi vyake vya kawaida, na nchi nzima ikaishi ndani ya nyimbo za maombolezo. Za TOT zilikuwa miongoni mwa zilizosikika sana, na hadi leo kila ifikapo tarehe 14 Oktoba hurudishwa hewani. Askew (2006) amezisoma nyimbo za msiba huo kama dirisha la kuonea jinsi Watanzania walivyoukumbuka, au walivyokwepa kuukumbuka, ujamaa. Hapa swali ni finyu zaidi: kwa nini sauti iliyokuwa ikichekesha iliaminiwa kulia?

Jibu rahisi ni kwamba iligeuka. Ila ukisikiliza kwa makini, vitu vilivyobadilika ni vichache kuliko inavyodhaniwa. Mapigo yalipunguzwa mwendo, na kwaya ikapewa nafasi ambayo zamani ilichukuliwa na vyombo. Mengine yalibaki. Mwimbaji kiongozi bado anatoa wito na kundi linaitikia. Bado anazungumza na mtu mmoja moja kwa moja, kwa nafsi ya pili, kama alivyozungumza na mpinzani jukwaani, isipokuwa sasa anayeitwa hawezi kuitika. Mbolezi na masimango vina sarufi moja: vyote viwili humwita mtu kwa jina, humhesabia matendo yake hadharani, na hutegemea hadhira inayomjua. Aliyeimudu moja ameshaimudu nusu ya nyingine. Ndiyo maana ninasema Komba hakuhitaji kugeuka. Alikuwa na kipawa kile kile, na msiba uligeuza upande wa kuhesabia.

Badiliko kubwa liko mahali padogo sana, katika kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Katika wimbo wa kampeni, tu- ni ya wanachama: tutashinda, tunasonga, tumewashinda. Ina wao wake, na bila wao huyo haina maana. Katika mbolezi ya Oktoba 1999, tu- ni ya kila aliyefiwa: tunalia, tumeachwa. Haina wao. Kinywa ni kile kile, na hata sare huenda zilikuwa zile zile, lakini kiambishi kimefunguka kikawameza wote, pamoja na wale waliokuwa wakisimangwa miaka minne nyuma. Kwa muda wa siku kumi hivi hapakuwa na Mtanzania aliyekuwa nje ya nyimbo za TOT. Hilo ni tukio la kisanaa ambalo sijui kama limetokea tena.

Nguvu hiyo ilikuwa ya kweli, na mhakiki anayeiona kuwa hila tu atakuwa hakuwasikiliza waliolia. Walilia wafuasi wa vyama vyote. Pamoja na hayo, lazima tuulize nani aliyekuwa akiimba, na hapa sharti la kwanza la utani ndilo linalotuongoza. Mtani huweza kuubeba msiba kwa sababu si mfiwa na hana urithi. TOT alikuwa mfiwa, na zaidi ya hapo alikuwa mrithi: chama kilichoachwa na marehemu ndicho kilichokuwa na kikundi. Mwimbaji aliyetusemea uchungu wetu alikuwa pia mwenye dai juu ya kile kilichoachwa. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Kiambishi tu- kilirudi kwenye ukubwa wake wa zamani, lakini hakikurudi kikiwa mtupu. Kilikuwa kimejifunza kuwa taifa. Mpinzani wa mwaka 2000 hakuwa akisimangwa na wanachama tu. Alisimangwa na sauti iliyomzika Baba wa Taifa, na dhidi ya sauti hiyo hakuna mzaha wa kujibu.

Naona hapa ndipo uhakiki wetu wa maombolezo ya Nyerere umekuwa na haya isiyohitajika. Tumezihifadhi nyimbo hizi kwenye kabati la hisia za kitaifa na kuwaacha wanasayansi ya siasa wazisome zile za kampeni, kana kwamba zilitungwa na watu tofauti. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu mojawapo bila nyingine atakuwa amesoma nusu ya kazi.

Kauli ya msituni

Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikutana Dodoma kujadili rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyopendekeza muundo wa serikali tatu. Komba, akiwa mjumbe, aliripotiwa kusema kwamba muundo huo ukipita yuko tayari kuingia msituni. Kauli hiyo ilizua mjadala mkubwa, na sehemu ya mjadala ilihusu swali ambalo ni la kifasihi moja kwa moja: alikuwa akitania?

Tukimpima kwa nadharia ya mageuko, kauli hii haieleweki. Ikiwa mtumbuizaji huwa na hali mbili, ya mzaha na ya umakini, basi ingepaswa kuwa wazi yuko katika ipi. Haikuwa wazi, na sababu yake haikuwa maneno wala toni. Mtani wa kweli akisema atakuua, hakuna anayekwenda polisi, kwa sababu uhusiano wenyewe umeshawaambia watu wayasikie vipi maneno hayo. Aliyekuwa akisimanga kwa miaka zaidi ya ishirini kutoka upande wenye nguvu hana uhusiano wa namna hiyo na wasikilizaji wake. Wafuasi husikia mzaha wa shujaa wao, wapinzani husikia tishio, na maneno yenyewe hayana uwezo wa kuamua. Kapteni aliyewahi kuwa askari kweli, akiongea habari za msitu, yuko kama mchezaji wa mganda ambaye watazamaji wake hawajui kama bunduki ni ya mti.

Kicheko cha Mei 2020

Mkasa wa Idris Sultan unalitazama jambo hili kutoka upande wa pili, wa mchekeshaji asiye na chama nyuma yake. Oktoba 2019, katika siku za kuzaliwa kwa Rais John Magufuli, Idris alisambaza picha ambazo sura yake na ya rais zilibadilishana miili. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alimtaka aripoti polisi. Mei 2020 alikamatwa tena, safari hii kwa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya rais akiwa amevaa suti iliyompwaya. Katika video hiyo hakuna hoja, wala shairi, wala igizo. Kuna kicheko tu.

Wakati wenyewe una maana. Mwishoni mwa Aprili 2020 nchi ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za maambukizi ya UVIKO-19, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa hiyo huu ulikuwa wakati wa janga kwa maana kamili, na kwa mujibu wa nadharia ya mageuko mchekeshaji alipaswa kuwa ameshakuwa makini. Hakuwa. Alicheka suti. Lakini kicheko hicho kilipokewa kama jambo zito kuliko hotuba, na aliyekigeuza kuwa kizito hakuwa yeye. Serikali ndiyo iliyoacha mzaha. Huu ni mfano ambao nadharia za futuhi haziuzungumzii vya kutosha: mara nyingine anayegeuka wakati wa janga ni anayechekwa.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu ni hati ya mashtaka. Idris alipofikishwa mahakamani mwishoni mwa Mei, kosa lililotajwa lilihusu usajili wa laini ya simu. Kicheko hakikuandikwa. Sheria ilikuwa na lugha ya kutaja laini ya simu na haikuwa na lugha ya kutaja kicheko, na ombwe hilo linasema zaidi kuhusu uzito wa kitendo chake kuliko mashtaka yoyote ya uchochezi ambayo yangeweza kufunguliwa. Miezi michache baadaye, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 ziliweka katika orodha moja ya maudhui yaliyokatazwa habari za milipuko ya magonjwa zisizo na kibali na maudhui ya kuidhihaki Jamhuri ya Muungano na alama zake. Gonjwa na dhihaka vikawa majirani katika jedwali. Ombwe la Mei lilikuwa limeanza kujazwa.

Ni lazima ikumbukwe kwamba viongozi wenyewe, katika mikutano ya hadhara, hutumia utani wa makabila kwa ufundi mkubwa. Rais Kikwete, Mkwere, hakuchoka kuwatania watani zake Wasukuma na Wanyamwezi, na hadhira ililipenda jambo hilo kwa sababu lilimshusha akawa mtu wa kijijini. Kwa hiyo kosa la Idris halikuwa kuuingiza utani mahali usipojulikana. Aliuchukulia kuwa ni wa pande mbili. Alirudisha mzaha kwa mtu ambaye nafasi yake iliruhusu kuutoa tu, na mara ile ile ikabainika kwamba kilichokuwa kikiitwa utani kwenye majukwaa hakikuwa na sharti la pili. Tofauti yake na TOT ni ya mwelekeo. Masimango ya TOT yalishuka kutoka kwa mwenye nguvu na yakaitwa burudani. Kicheko cha Idris kilipanda, na hakikupewa jina.

Wapo watakaosema kwamba kuicheka suti ya mtu si satira bali ni upuuzi, na kwamba kuijengea hoja ya kitaaluma ni kuipa heshima isiyostahili. Nakubali kwamba kama matini, video ile ni nyepesi. Lakini mtani anayevaa koti la marehemu na kutembea kwa mwendo wake naye hafanyi zaidi ya hapo. Nguo ya mtu mkubwa isiyomkaa vizuri ni mojawapo ya malighafi kongwe za utani wetu, kwa sababu humkumbusha aliyenayo, bila kutamka neno, kwamba aliivaa na ataivua.

Baada ya Lituhi

John Komba alifariki tarehe 28 Februari 2015 na kuzikwa Lituhi. Miezi minane baadaye ulifanyika uchaguzi uliokuwa na ushindani mkali kuliko wowote tangu mwaka 1995. TOT iliingia katika kampeni hizo bila yeye, na haikuwa tena peke yake: wanamuziki wa Bongo Fleva walipanda majukwaa ya vyama, na kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya kejeli ya kampeni ilisafiri kwa simu, katika picha zilizokatwa na kuunganishwa, zikiwa na maneno machache na bila jina la mtunzi. Baadhi ya picha hizo zina ucheshi wa hali ya juu, na zinangoja mhakiki wake. Atakayezishughulikia atakutana na tatizo ambalo nyimbo za Komba hazikuwa nalo. Sauti iliyosimanga mwaka 1995 ilijulikana ni ya nani, kwa hiyo mwaka 1999 ilipolia, watu waliweza kuipokea, kuiamini, au kuitilia shaka. Picha isiyo na mwenyewe haiwezi kuitwa msibani, kwa kuwa hakuna anayejua ipelekewe taarifa wapi.